Ndege za Vita za Zamani: Mafunzo Saba Niliyopata kwa Kuzipenda

Nazipenda ndege za vita za zamani, na sioni sababu ya kulificha hilo. Napenda mkunjo wa bawa la Spitfire, napenda mngurumo wa injini za Dakota zinapokubali kuwaka, na naweza kusimama muda mrefu mbele ya ndege moja kwenye makumbusho nikizifuatilia ribiti zake safu kwa safu. Hata hivyo, mapenzi ya macho na masikio yana kikomo. Kila ndege ya vita iliundwa na mtu, ikarushwa na mtu, na mara nyingi ikapita juu ya mtu ambaye hakuiomba ije. Miaka niliyosoma habari zake, nikatembelea makumbusho ya Uingereza na kuzungumza na mafundi na wazee wa Afrika Mashariki, imenithibitishia kwamba huwezi kudai unaijua ndege kabla hujawauliza watu hao watatu. Mafunzo yote yaliyomo humu yanatoka kwao.

1. Anza na anga unayoijua

Kijana wa kwetu akianza kupenda ndege, kwa kawaida huanza na vita vya Ulaya, kwa kuwa ndivyo vilivyojaa kwenye filamu. Mimi humshauri aanze Rufiji.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji ili mitambo yake itengenezwe. Vipande vya boila vilivutwa na wapagazi Waafrika kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam na kurudishwa tena. Waingereza waliufunga mlango wa bahari, lakini mikoko na vijito vya delta viliwazuia kujua hasa meli imelala wapi. Ilibidi mtu aitazame kutoka juu.

Mtu huyo alikuwa Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyechukuliwa Durban pamoja na ndege yake aina ya Curtiss iliyoruka na kutua majini. Novemba 1914 alianza kuruka kutoka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Rejeta ikaharibika, meli ikatumwa Mombasa kutafuta nyingine, na iliyopatikana ilitoka kwenye gari la Ford. Kwa rejeta hiyo ya gari, Cutler akaruka na kuiona Königsberg. Mwezi uliofuata alilazimika kutua ndani ya delta, akatekwa.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na baadaye wakatengeneza kiwanja cha ndege kisiwani humo. Kutoka hapo, tarehe 11 Julai 1915, John Cull na mwenzake Arnold waliruka na ndege aina ya Henri Farman, wakawa wanaelekeza kwa redio mizinga ya meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ambazo hazikuweza kuiona shabaha yao. Ndege ikapigwa. Ikiwa inashuka huku injini imekufa, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha mpaka ilipoanguka mtoni karibu na Mersey, na wote wawili wakaokolewa. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa Königsberg.

Mwaka uliofuata Wabelgiji nao walizisafirisha ndege za Short zenye kutua majini kupitia Kongo mpaka Ziwa Tanganyika, zikadondosha mabomu Kigoma kuilenga meli Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo tunayoiita leo MV Liemba.

Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus. Niliposimama kati ya mizinga hiyo miwili nilielewa kwamba historia ya ndege za vita ni yetu pia, na imekuwa yetu karibu tangu siku zake za mwanzo. Vita vilikuwa vya wakoloni, lakini mto, jua na migongo iliyobeba mizigo vilikuwa vya hapa.

2. Isome gundi kabla ya kusoma kasi ya ndege

Vitabu vingi vya ndege huanza na kasi, kimo na idadi ya bunduki. Siku hizi mimi huanza na kitu ambacho hakionekani: kilichoshikilia ndege isiachane.

Rufiji ilinifunza hili. Kabla ya zile Henri Farman, Waingereza walileta ndege mbili za Sopwith zilizoundwa kwa mbao na kitambaa. Joto na unyevu wa pwani vilizimaliza. Gundi ililainika, mbao zikapinda, na ndege zikahangaika hata kunyanyuka kutoka majini zikiwa na mzigo. Hazikushindwa na adui. Zilishindwa na hali ya hewa ambayo mvuvi wa Mafia angeweza kuwaeleza habari zake bila malipo.

Karibu miaka 30 baadaye jambo hilo likajirudia kwa ndege nyingine kabisa. De Havilland Mosquito iliruka mara ya kwanza Novemba 1940, nayo ilikuwa ajabu ya useremala: plaiwudi nyembamba ya mti wa birch juu na chini, katikati mbao nyepesi za balsa, vyote vimegandishwa kwa gundi. Sehemu zake zilitengenezwa hata na mafundi wa samani wa mji wa High Wycombe, watu waliokuwa wakiunda viti na makabati kabla ya vita. Ilikuwa nyepesi na yenye kasi sana. Lakini mwaka 1944 baadhi ya Mosquito zilizokuwa India zilivunjika mabawa angani, nyingine zikazuiwa kuruka, na uchunguzi ukaelekezwa kwenye gundi, viungo vya mabawa na tabianchi ya huko.

Kwa hiyo ninapoingia kwenye ukumbi wa makumbusho, swali langu la kwanza ni hili: ndege hii imeundwa kwa kitu gani, na kitu hicho hufanya nini kikikutana na jua, mvua au chumvi? Jibu hunieleza kwa nini aina fulani ziliishi na nyingine zikatoweka, na kwa nini tunazo Dakota za alumini nyingi kuliko Mosquito.

3. Jina la aina halitoshi, tafuta namba

Spitfire zilizoundwa ni zaidi ya 20,000. Ukisema umeona Spitfire, bado hujaniambia umeona nini. Kila moja ilikuwa na namba yake, na namba hiyo ndiyo inayoitofautisha na ndugu zake.

Chukua N3200, iliyopo Duxford, kusini mwa Cambridge. Ilikuwa ya Kikosi cha 19, kilichokuwa na makao yake hapo hapo Duxford. Tarehe 26 Mei 1940, wakati majeshi ya Uingereza yakiokolewa Dunkirk, ilipigwa ikashushwa ufukweni Sangatte, karibu na Calais. Rubani wake, Geoffrey Stephenson, aliyekuwa kiongozi wa kikosi, alitoka salama, akatekwa, na baadaye akafungwa katika ngome ya Colditz. Ndege ikamezwa na mchanga. Ilikaa humo mpaka ilipochimbuliwa mwaka 1986, ikatengenezwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2014 ikaruka tena. Mwaka 2015 ikakabidhiwa makumbusho ya Duxford, kwenye uwanja uliokuwa makao ya kikosi chake.

Bila shaka chuma kingi kilichomo ndani ya N3200 leo ni kipya. Maji ya chumvi hayaachi alumini ikiwa salama. Wapo wanaobishana kama kweli hiyo ni ndege ile ile. Mimi naona ubishi huo una manufaa kwa sababu unatulazimisha kuuliza kwa makini: kipande gani ni cha 1940, kipi ni cha karakana ya juzi, na nani aliamua? Makumbusho mazuri hujibu bila kuzungukazunguka. Ukiwa na namba mkononi unaweza kufuata njia nzima, kuanzia kiwandani, kwenye kikosi, kwa rubani, hadi siku ya kuanguka na ya kufufuliwa. Bila namba unabaki na umbo zuri lisilo na wasifu.

4. Mfuate fundi kabla hujamfuata rubani

Marubani wameandika vitabu. Mafundi wengi hawakuandika, ila wanajua. Nilipokuwa Nairobi nilipenda kwenda Wilson, kiwanja ambako Dakota zilitumika kwa miaka mingi, zikibeba watalii na misaada. Mzee mmoja aliyezihudumia ndiye aliyenifunza kuisikiliza injini.

Injini ya Dakota ni Pratt & Whitney Twin Wasp yenye silinda 14 zilizopangwa kwa duara. Ndege ikilala, oili huteremka polepole na kukusanyika kwenye silinda za chini. Oili haikubali kubanwa. Ukiwasha injini kwa pupa, pistoni inakutana na oili hiyo, na kitu lazima kivunjike: ama mkono wa pistoni upinde, ama silinda ipasuke. Ndiyo maana kabla ya kuwasha, watu huizungusha rafadha kwa mikono, panga moja baada ya jingine. Ikizunguka vizuri, safi. Ikigoma, hakuna kulazimisha. Plagi za silinda za chini zinafunguliwa, oili inamwagwa, ndipo kazi inaendelea.

“Mwanangu, ukiisukuma kwa nguvu imekwisha,” aliniambia. “Wewe iulize tu.”

Tangu siku hiyo, nikitazama filamu ya zamani ya uwanja wa vita na kuwaona vijana wakisukuma rafadha alfajiri, najua wanafanya nini na kwa nini. Wale ndio walioamua kama rubani angerudi. Historia ya ndege isiyowataja mafundi ina pengo kubwa, na pengo hilo linazibika kwa kuwatafuta wale ambao bado wapo, kukaa nao, na kuwauliza maswali ya mikono: mliifungua vipi, mlikosa kipuri gani, mlitumia nini badala yake? Rejeta ya Ford ya Mombasa tunaijua kwa sababu kuna mtu aliona inafaa kuandikwa.

5. Mzigo nao ni silaha

Watoto huvutwa na ndege za kupigana. Kwa muda mrefu nami nilivutwa nazo zaidi. Habari za askari wa Keya huko Burma ndizo zilizonifanya niiheshimu ndege ya mizigo.

Keya ndivyo wazee wetu walivyoita King's African Rifles. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na nchi jirani, ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika makali ya Asia kuwafukuza Wajapani. Bonde hilo lilijulikana kwa malaria. Barabara ziligeuka tope ambalo gari halipiti. Askari wale walipata chakula na risasi kutoka angani, Dakota zikipita chini juu ya msitu, milango imeondolewa, watu ndani wakisukuma mizigo nje. Vitu vya kuvunjika vilishuka kwa miamvuli. Mchele mara nyingi ulitupwa hivi hivi, gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lizuie usimwagike. Kufikia Desemba 1944 divisheni hiyo ilikuwa imefika Kalewa na kuvuka mto Chindwin.

Dakota haikuwa na bunduki hata moja. Ilikuwa ndege ya abiria, DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 na baadaye ikavishwa nguo za jeshi, ikaundwa kwa zaidi ya 10,000. Lakini bila ndege za namna hiyo jeshi lililopigana Burma lisingeweza kusonga mbele msimu ule. Na waliokula mchele ule walikuwa babu zetu. Mtu wa Afrika Mashariki anapoikuta Dakota kwenye makumbusho ya Ulaya, asiipite kama ndege ya wageni. Inawezekana ukoo wake unadaiwa shukrani na ndege hiyo.

6. Simulizi ya rubani nayo ipimwe

Roald Dahl, ambaye dunia inamjua kwa vitabu vya watoto, alikuwa Dar es Salaam vita vilipoanza mwaka 1939, akifanya kazi katika kampuni ya Shell, na Kiswahili alikijua. Alikwenda Nairobi kwa gari kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, akafunzwa kuruka kwa Tiger Moth juu ya nyanda za Kenya. Baadaye alipewa ndege aina ya Gloster Gladiator, ndege ya mabawa mawili ambayo tayari ilikuwa imepitwa na wakati.

Tarehe 19 Septemba 1940, akiipeleka ndege hiyo kwenye kikosi chake katika jangwa la Misri, hakukiona kiwanja alichoelekezwa. Jua lilikuwa linazama na mafuta yanakwisha. Akajaribu kutua jangwani, ndege ikagonga ardhi na kuungua. Alivunjika fuvu na kwa muda akawa haoni. Ilibainika kwamba mahali alipoelekezwa palikuwa si penyewe.

Mwaka 1942 jarida moja la Marekani lilichapisha simulizi yake ya tukio hilo chini ya kichwa kilichosema alitunguliwa Libya. Mwaka 1986, katika kitabu chake Going Solo, Dahl mwenyewe alisimulia habari ya kiwanja kisichokuwepo. Matoleo mawili, mtu mmoja.

Nilipoyasoma yote mawili sikumpunguzia heshima. Wakati wa vita kila simulizi ina kazi yake, na ile ya kwanza ilitoka katika nchi iliyokuwa imeingia vitani majuzi tu. Lakini nilijifunza kuweka mezani vitu vitatu kabla sijaamini: alichosema mhusika, kilichoandikwa siku hiyo hiyo katika kumbukumbu za kikosi, na kinachosemwa na ndege yenyewe au mabaki yake. Vikikubaliana, naandika kwa uhakika. Visipokubaliana, naandika tofauti yake, kwa kuwa tofauti hiyo nayo ni habari.

7. Muulize aliyekuwa chini

Hili ndilo funzo zito kuliko yote.

Katika makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza huko Cosford ipo ndege kubwa ya injini nne, Avro Lincoln, namba RF398. Lincoln ni mtoto wa Lancaster maarufu. Iliruka mara ya kwanza Juni 1944, ikakusudiwa kwenda kuipiga Japani kutoka mbali, lakini vita vikaisha kabla haijafika huko. Ukiitazama utaona kazi bora ya uhandisi: injini za Merlin, bawa la zaidi ya meta 36, tumbo refu la kubebea mabomu. Niliitazama kwa muda mrefu, na nikajua matumbo ya Lincoln nyingine yalikuja kufunguliwa wapi.

Yalifunguliwa Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za vita vya Mau Mau, serikali ya mkoloni ilitangaza misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwa eneo lililokatazwa, ambako mtu aliyeonekana angeweza kushambuliwa. Mwaka 1953 zililetwa ndege za mafunzo aina ya Harvard, zikafungwa bunduki na mabomu madogo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo hadi katikati ya 1955 Lincoln zilikuwa zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi, na kudondosha mabomu mazito juu ya misitu hiyo. Ndege nyingine ndogo zilifungwa vipaza sauti, zikapita zikiwaita wapiganaji wajisalimishe.

Karari Njama, aliyekuwa msituni pamoja na kiongozi wa wapiganaji hao, Dedan Kimathi, alisimulia maisha hayo katika kitabu cha 1966 alichoandika na Donald Barnett, Mau Mau from Within. Nami nimekaa na wazee upande wa Nyeri waliokuwa watoto wakati ule. Hawakujua jina Lincoln. Walijua sauti. Walikumbuka madirisha yakitetemeka na mama zao wakikaa kimya kwa sababu ndugu walikuwa huko juu msituni. Mmoja alizungumzia tembo na nyati waliojeruhiwa, walioshuka mashambani wakiwa wakali. Ni ushahidi wa kitaalamu kabisa kuhusu ndege, na haumo kwenye vibao vingi nilivyosoma ukumbini.

Wapo wapenzi wa ndege wanaoona kwamba maswali haya yanachafua raha. Sikubaliani nao. Raha yangu haijapungua. Bado nausikia mngurumo wa Merlin na mwili unasisimka. Ila sasa namsikia pia yule mtoto wa Nyeri, na ndege ile imekuwa kubwa zaidi machoni pangu kwa kuwa imebeba ukweli wake wote. Atakayeipenda Lincoln kwa uhandisi wake tu amependa nusu. Atakayeilaani bila kutaka kujua ilivyofanya kazi naye hatajua kilichowapata wazee wake, maana kimo, aina ya bomu na muda wa kuruka ndivyo vinavyoeleza kwa nini hili lilianguka hapa na lile kule.

Kwa hiyo, kama nawe umeambukizwa mapenzi haya, anza na ndege moja. Andika namba yake, tafuta kikosi chake, jua imeundwa kwa vitu gani na nani aliihudumia. Kisha funga safari uende mahali ilipopita, iwe Mafia, Kigoma au Nyeri, ukawaamkie wazee, uwaulize walisikia nini, na uandike tarehe, mahali na maneno yao kama walivyoyasema. Namba za ndege zimehifadhiwa London na zitaendelea kuwepo. Waliokuwa watoto mwaka 1954 wana umri wa kuheshimiwa sasa, na kazi ya kuwasikiliza haiwezi kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yetu. Ni yetu, na ni ya mwaka huu.